Samaki Anakulaje Manyoya?

Mtu akiteremka matatu Endebess au Kapsokwony, miguuni mwa Mlima Elgon, akiwa na ufito wa kuvulia samaki, hafiki mbali kabla hajaulizwa minyoo ameweka wapi. Akifungua kijisanduku chake na kuonyesha ndoano ndogo zilizofungwa uzi na manyoya ya jogoo, swali la pili linakuja papo hapo, kutoka kwa watoto na kwa wazee sawasawa: ni samaki gani huyo anayekula manyoya?

Swali hilo ndilo lililozaa sura hii. Jibu fupi ni kwamba samaki huyo hali manyoya. Anakula wadudu, na anapoona kitu kinateremka na maji ana muda mfupi mno wa kuamua kama ni mdudu au ni takataka. Jibu refu linatutaka tumjue samaki mwenyewe, baridi ya maji anamoishi, viumbe walio chini ya mawe ya kijito, na namna jicho lake linavyomwona mtu aliyesimama ukingoni.

Mgeni wa maji ya juu

Samaki huyu anaitwa trauti. Ana mwili mrefu wenye madoa, magamba madogo laini, na nguvu za kusimama katika mkondo mkali siku nzima. Katika mito ya Kenya wako wa aina mbili: trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa waridi ubavuni, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini upande wa Pasifiki na mashariki ya mbali ya Urusi.

Hakuna hata mmoja ambaye asili yake ni hapa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Kairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua. Safari ya mayai iliwezekana kwa sababu moja: yakikaa katika baridi na unyevu, kiinitete hukua polepole sana, hivyo yanaweza kuvuka bahari kabla hayajaanguliwa. Trauti wa upinde wa mvua aliletwa miaka michache baadaye. Kisha ndoo kwa ndoo samaki hawa wakasambazwa katika mito ya Mlima Kenya, Mau, Cherangani na Elgon. Mwaka 1948 kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kilijengwa Kiganjo, karibu na Nyeri.

Kwa upande wetu wa Elgon, reli ilifika Kitale mwaka 1926, na walowezi wa Trans Nzoia waliupenda mchezo huu kwa sababu vijito vya kufaa vilikuwa karibu. Kwa miaka mingi ulibaki mchezo wao na wa wageni wao, jambo linaloeleza kwa nini hadi leo watu wengi waliozaliwa miguuni mwa Elgon hawajawahi kumtia trauti machoni, ilhali anaogelea saa chache za kupanda mlima kutoka kwao.

Mto unaotajwa zaidi ni Suam. Unaanzia ndani ya bonde la kilele cha Elgon, pale ambapo volkeno ya kale ilididimia, unatoka kwa korongo upande wa mashariki, unakuwa mpaka wa Kenya na Uganda, halafu unaitwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Vijito vya upande wa Bungoma, kama Kuywa na Kibisi, huenda kwingine kabisa: huingia Nzoia na kumalizikia Ziwa Viktoria. Mvua ya mlima mmoja hugawanyika hivyo, nusu ikaenda jangwani na nusu ikaelekea Nili.

Mbona hayuko Webuye?

Wasomaji wa Bungoma huuliza kwa haki: ikiwa maji ya Kibisi na Kuywa yanafika Nzoia, mbona trauti hashuki nayo hadi maporomoko ya Nabuyole, pale Webuye?

Kinachomzuia ni joto. Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini, yaani hewa ileile tunayovuta sisi, ila imechanganyika na maji. Fungua chupa mbili za soda, moja ya baridi na nyingine iliyoachwa juani. Ya juani itafoka na kupoteza gesi yake mara moja. Ya baridi itaishikilia. Oksijeni nayo iko hivyo mtoni. Maji ya nyuzi joto 10 hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya nyuzi joto 25 kwa zaidi ya theluthi moja. Na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo mwili wa samaki unavyodai oksijeni zaidi, kwa hiyo anabanwa pande zote mbili.

Trauti hustawi kwenye maji ya nyuzi joto 10 hadi 16 hivi. Yakipita 20 anaacha kula na kutafuta kivuli. Yakikaribia 25 anakufa. Sasa tazama ramani. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900, na kilele cha Koitobos, upande wa Kenya wa Elgon, kina mita 4,222. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi. Ndiyo maana trauti anakaa misituni na kwenye nyasi za juu, na Nzoia ya chini tunawaachia kambare, na ningu ambao hupanda mto kuzaa wakati wa mvua.

*Kwa ufupi: trauti ni samaki mgeni, aliletwa Kenya kuanzia 1905, na anaishi tu pale ambapo maji ni baridi, safi na yenye mwendo.*

Geuza jiwe

Anayetaka kuelewa uvuvi huu aache ufito garini kwanza. Aingie kijitoni maji yakiwa chini ya magoti, achague jiwe bapa la ukubwa wa sahani lililo katikati ya mkondo, aliinue taratibu na kuligeuza.

Mwanzoni utaona jiwe lenye unyevu tu. Subiri maji yachuruzike. Kisha kitu ulichodhani ni doa kinaanza kutambaa. Ni mdudu bapa, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye mikia mitatu kama nyuzi, na pembeni mwa tumbo lake vijani vinavyopepea. Vijani hivyo ndivyo anavyopumulia. Amejibana kwenye jiwe kama aliyepakwa gundi, maana maisha yake yote yamekuwa kushindana na maji yanayotaka kumng'oa. Huyu ni mtoto wa mdudu ambaye akikomaa huota mabawa, hutoka majini, huruka na kujamiiana, na kwa kawaida hamalizi siku mbili angani kabla hajafa.

Sogeza jicho. Utaona kijibomba cha changarawe kimeng'ang'ania jiwe, kirefu kama kucha. Kiguse, kichwa cheusi kitachungulia. Ndani yake mna buu aliyejijengea kibanda kwa mchanga na hariri anayoitoa mwenyewe mdomoni, na akihama anakiburuta. Trauti humeza mtu na nyumba yake.

Chini ya mawe makubwa, karibu na ukingo, wako kaa wa maji baridi. Samaki wakubwa huwapenda mno. Na juu ya maji kuna chakula kinachoanguka: siafu, panzi, mbawakawa, na baada ya mvua ya kwanza, kumbikumbi. Watu wa Bungoma, wanaowaita chiswa, hawahitaji kuelezwa utamu wao. Jioni ya kumbikumbi kijito huchemka, na samaki ambaye wiki nzima amejificha chini ya mwamba huja juu bila woga.

Kitale wana bahati nyingine. Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa vipepeo na wadudu wengine, alianzisha makumbusho yake huko mwaka 1926. Alifariki mwaka 1966, na mkusanyo wake ukawa chanzo cha Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974. Mvuvi anayeanza angefanya vyema kupita hapo kabla ya kupanda mlima, kwa sababu hesabu yote ya mchezo huu ni ya wadudu.

Nzi kwenye jiliwa

Nzi wa bandia ni ndoano iliyovalishwa ili ifanane na mdudu au itikisike kama mdudu. Ndoano yenyewe ni ndogo; ya kawaida kwa vijito hivi haizidi urefu wa nusu ya kiungo cha kidole.

Fundi huibana ndoano kwenye jiliwa dogo la mezani. Huzungusha uzi mwembamba kutoka karibu na kitundu hadi mwanzo wa mpindo, akiubana kwelikweli. Hapo hufunga nyuzi chache za unyoya ziwe mkia. Hurudi mbele akizungusha sufu au manyoya ya mnyama yaliyosokotwa kwenye uzi, na huo unakuwa mwili. Mwisho huchukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, ule mrefu mgumu unaong'aa, na kuuzungusha mara chache nyuma ya kitundu. Nywele zake husimama kila upande kama miguu. Fundo moja, tone la gundi, basi. Mkono uliozoea humaliza kwa dakika chache.

Unyoya wa shingo ya jogoo mkubwa hauloi upesi, ndiyo sababu nzi wa kuelea hutengenezwa nao. Unyoya wa kuku jike ni laini na hunywa maji, kwa hiyo unafaa nzi wa kuzama. Tofauti hiyo ndogo hutenganisha nzi anayebaki juu na anayekwenda chini walipo wale wa chini ya jiwe.

Wengi hawajui kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi hawa kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani. Kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, ina kiwanda chake hapa nchini, na ziko karakana nyingine ndogo ndogo. Wanawake na wanaume huketi mbele ya jiliwa tangu asubuhi, wakifunga wadudu wa mito ambayo hawajaiona. Wavuvi wa Kenya nao wana nzi wao, mweusi na mnene, anayejulikana kama Kenya Bug, na watu humtupa kwa imani wakiwa hawajui samaki anakula nini siku hiyo. Ninasikitika kwamba ustadi huu uko kwetu na bado vijana wa Kimilili au Endebess wanaoweza kuutumia mtoni mwao hawaonyeshwi kwamba upo.

Dirisha la samaki

Trauti akitazama juu haoni anga yote jinsi sisi tunavyoiona. Mwanga hujipinda unapoingia majini, na matokeo yake dunia ya nje hujibana ndani ya duara moja juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo anaona tu taswira ya chini ya maji, kama kwenye kioo. Upana wa duara hutegemea kina: samaki aliye sentimita 50 chini ana dirisha la upana wa mita 1 na sentimita 13 hivi. Akishuka, dirisha linapanuka; akipanda, linapungua.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili ya kutumia. La kwanza, kitu kilicho karibu na ardhi huonekana kimebanwa mno pembezoni mwa duara, na samaki hakitambui vizuri. Mtu aliyesimama wima juu ya ukingo ni mnara unaotembea. Aliyechuchumaa nyuma ya nyasi hayupo. La pili, nzi wa kuelea huonekana kwanza kwa vishimo ambavyo miguu yake hufanya juu ya maji, kabla hajaingia dirishani. Kwa hiyo namna anavyotua ina uzito kuliko rangi yake, na hapa ndipo wanaoanza hutumia fedha vibaya, wakinunua rangi kumi na mbili za nzi na kumtupa kila mmoja kwa kishindo.

Trauti husimama akielekea maji yanakotoka, kwa kuwa chakula hutoka huko. Basi mfuate kwa nyuma: panda na kijito, usiteremke nacho.

Kurusha penye miti

Katika uvuvi wa kawaida, kipande cha risasi au chambo chenyewe ndicho chenye uzito, nacho huvuta mshipi. Nzi hana uzito wa kutosha kuvuta chochote. Hapa mshipi wenyewe umetengenezwa mnene na mzito, na ufito unaurusha huo. Nzi anafuata nyuma akiwa mwisho wa uzi mwembamba usioonekana vizuri majini.

Picha tunazoziona kwenye filamu, za mshipi mrefu unaochora herufi angani, ni za mito mipana. Elgon juu ya Kaberwa au kuelekea Suam utakuta mianzi, matawi na miti ya podo iliyoinamia maji. Ukirusha nyuma umenasa. Wanaozoea huko hutumia ufito mfupi, hushika nzi kwa vidole viwili, huvuta hadi ufito upinde, kisha huachia, na nzi huruka chini ya matawi mita tatu au nne. Inatosha. Samaki wengi wa kijito kidogo wanavuliwa kwa umbali usiozidi huo, mvuvi akiwa amepiga magoti.

Pa kutupia ni hapa:

- nyuma na mbele ya jiwe kubwa, ambapo maji hupungua kasi na samaki hupumzika;
- kwenye mshono kati ya mkondo wa haraka na maji ya polepole, kwa kuwa chakula hupita hapo na kusimama ni rahisi;
- chini ya ukingo uliochimbwa na maji, hasa wenye mizizi;
- mwisho wa kidimbwi kinapoanza kuwa chembamba, asubuhi na jioni.

Nzi akishatua, mwache aende na maji. Kinachoharibu zaidi ni mshipi kunaswa na mkondo wa haraka ulio katikati, ukamvuta nzi pembeni. Hakuna mdudu anayekata mto hivyo, na trauti analijua hilo tangu akiwa mdogo kama kijiti cha kiberiti. Inua ufito, mshipi usiguse maji, na muda wote mtazame nzi. Akitoweka, inua kidogo tu. Trauti akihisi chuma hutema mara moja.

*Kwa ufupi: nenda chini kwa chini, kutoka nyuma ya samaki, tupa karibu, na umwache nzi aelee bila kuvutwa.*

Kumla au kumwachilia

Jambo lingine linalowashangaza watu ni kumvua samaki kisha kumrudisha. Kwetu samaki ni chakula, na sioni aibu kusema trauti mdogo aliyekaangwa na chumvi, kando ya ugali wa mahindi ya Trans Nzoia, ni mlo wa heshima. Ila kijito baridi hakina chakula kingi. Samaki wake hukua polepole, na kundi la watu wachache wenye bidii linaweza kukimaliza. Ukiamua kumwachilia, tumia ndoano iliyobanwa kijino, lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimwondolee ute unaomkinga na magonjwa, na usimtoe majini kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuzuia pumzi yako mwenyewe.

Kuna upande mwingine ambao lazima usemwe. Trauti ni mlaji, na wataalamu wa viumbe duniani wanawaweka hawa wa aina zote mbili miongoni mwa viumbe wavamizi 100 wanaotajwa kwa madhara makubwa. Anakula kaa, vyura, na samaki wadogo wa asili. Kwa hiyo naona ni kosa kumbeba kwa ndoo na kumtia kijito ambacho hana. Pale alipo tayari tangu wakati wa ukoloni, na avuliwe. Pale asipofika, pabaki palivyo.

Usiende bila ruhusa pia. Uvuvi wa mchezo unahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, utahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ufuate watakachokuambia getini, kwani huko kuna ndovu na nyati. Upande wa Chepkitale ni nyumbani kwa Waogiek, ambao mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwa upande wao katika kesi ya ardhi hiyo. Ukifika kwao, salimu wazee kwanza na ueleze unakokwenda. Wanavijua vijito hivyo kuliko ramani yoyote.

Udongo ndani ya changarawe

Trauti jike hutaga kwa kuchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia, kisha huyafunika mayai. Katika maji ya nyuzi joto 10 mayai ya upinde wa mvua huchukua mwezi hivi kuanguliwa, na wakati wote huo maji yenye oksijeni lazima yapite katikati ya vijiwe. Mteremko ukilimwa viazi hadi ukingoni, mvua moja huleta tope linaloziba nafasi hizo, na mayai hukosa hewa yakiwa mahali pake. Miti ya kivuli ikikatwa, maji hupata joto. Kanuni za nchi zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe kila upande wa mto, lakini ukitembea kando ya vijito vya chini ya msitu utaona mahindi na mikaratusi ikigusa maji.

Kilichonipendeza zaidi katika uvuvi huu ni kwamba unampa mtu wa kawaida kipimo cha maji ambacho hakihitaji maabara, wala ufito. Nenda kwenye mto ulio karibu nawe, Kibisi, Kuywa au mwingine wowote, ugeuze mawe kadhaa ya mkondoni. Wale bapa wenye mikia mitatu ndio wa kwanza kutoweka maji yakichafuka. Wajenzi wa vibanda vya changarawe huvumilia kidogo zaidi. Wanaobaki mwisho ni mabuu membamba mekundu kama uzi, wenye damu inayoweza kushika hata oksijeni kidogo sana, ambao hukaa raha katika tope. Ukiwakuta wa kwanza na wa pili, maji yako bado yana afya. Ukiwakuta wekundu peke yao, panda na mto hadi pale mawe yanapobadilika, uangalie kuna nini hapo kati: shamba, machinjio, mfereji wa choo au sehemu ya kuoshea magari. Mara nyingi si mbali.